Nafula na Lori la Ndizi

Jumapili, 2 Machi

Nimepiga pasi shati la Wandera, nimembusu mgongoni kabla hajalivaa. Mwezi mmoja wa ndoa na moyo bado unaruka nikisikia pikipiki yake. Nampenda vibaya. Malaba nzima haina fundi wa matairi mzuri kama huyu.

Nafula amekataa samaki. Ni mtoto wa dada yake Wandera, anayefanya kazi Nairobi. Ana miaka sita, tunaishi naye. Wandera akamwambia, "Kwani unajua mama yako hakukuzaa? Ulianguka kutoka kwa lori la ndizi la Uganda, nikakudaka. Usipokula nakurudisha." Nilicheka mpaka machozi. Mtoto hakucheka. Alikula.

Jumatano, 5 Machi

Nafula amevunja sahani. Wandera akafungua mlango, akamwonyesha foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. "Baba yako ndiye yule anapiga honi." Nilimwambia amwache. Akanikumbatia. Akasema ni utani tu, hata yeye utotoni aliambiwa aliokotwa soko la Adungosi. Nikayeyuka. Mikono hiyo.

Ijumaa, 7 Machi



Nafula alitoka asubuhi bila kuaga. Tulimpata kwenye foleni, ndani ya lori la ndizi, kando ya dereva mzee Mganda, anakula gonja, ndizi ya kuchoma. Mtu wa bodaboda akapiga kelele, "Mwizi wa watoto!" Walikuja na mawe. Wandera alifika wa kwanza. Alimvuta mzee kwa kola, akamwangusha, akampiga kichwani na spana ya magurudumu. Damu ikaruka hadi kwenye gauni langu. Mtu alikuwa anaviringisha tairi, mwingine anaitisha petroli ya kumchoma.

"Boss, mtoto alisema mimi ni baba yake," mzee alisema. "Nilikuwa nangoja wenye mtoto."

Nafula akalia, "Msimuue! Anko alisema nilianguka kwa lori lake!"

Wandera alisikia. Nilimwona akisikia. Akapiga tena.

Polisi walifyatua risasi hewani ndipo watu wakatawanyika.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee yuko hospitali, amefungwa pingu kitandani. Fuvu limepasuka, jicho moja limeharibika kabisa. Akipona atashtakiwa kwa wizi wa mtoto. Majirani wamemletea Wandera soda. Anakula vizuri.

Jioni Wandera alimsimamisha Nafula ukutani. Sema mzee alikushika mkono. Sema alikuvuta. Mtoto akikosea, kofi. Midomo ilipasuka. Akamwambia polisi hukata ulimi wa mtoto anayewachanganya. Nilimshika Wandera mkono, akanisukuma kwenye kabati.

Baadaye alilia kifuani mwangu. Nikifungua mdomo anaenda jela. Namwogopa. Bado namtaka. Hilo linanichukiza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempeleka Nafula kituoni, Wandera akiwa kazini. Askari mwanamke alimuuliza kilichotokea. Mtoto akanitazama usoni, anasubiri nimwambie la kusema. Nikamwambia aseme alichoona, ulimi wake hakuna wa kuugusa. Alisema yote. Na mimi nikasema yangu.

Mzee amefunguliwa pingu. Wandera alikamatwa akiwa chini ya lori. Hakunitazama.

Nyumba kubwa leo. Nimepika uji. Nafula ameuliza yeye ni wa nani. Nikamwambia, ni wa mama yake, aliye Nairobi. Hakuniamini. Sikumlaumu. Nikapiga simu, nikamwekea sikioni. Mama yake alimweleza kwa muda mrefu jinsi alivyomzaa, akilia kidogo. Nafula alisikiliza tu, uji unapoa.

Kisha akanirudishia simu. "Mwambie aseme tena."