Mwanangu Alinyamaza Kwenye Kiti cha Daktari

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu, hujambo wewe na wa nyumbani kwako, na kile kikohozi kilichokusumbua redioni juzi kimekwisha? Sisi tu wazima, ila naomba msaada wako maana kwangu hakukaliki.

Binti yangu wa mwisho, tunamwita Kimya, meno yake ya mbele yamechomoza mpaka akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na daktari wa kupanga meno, dada mdogo ambaye ningeweza kumzaa, alisema ataingiza skrubu ndogo kwenye fizi mpaka mfupani, iwe kama kigingi cha kuyavutia meno nyuma. Mshauri, ile mikono! Kati ya mzizi na mzizi ni upenyo tu, basi alilaza kijiwaya juu ya fizi, akapiga picha ya eksirei, akanionyesha kivuli cha waya katikati ya mizizi, akakisogeza kidogo, akapiga tena, hana papara, utadhani anatunga uzi kwenye sindano. Ganzi alitia kidogo, nikamsihi aongeze, akakataa: "Hapana mama, mzizi ukikaribiwa lazima mtoto asikie maumivu, aniambie." Mimi nikamshika mwanangu mkono nikamnong'oneza, vumilia mama, tusimsumbue daktari, nakuombea. Daktari akawa anazungusha polepole, mara akasimama. "Pamekuwa pagumu ghafla. Binti, unaumia?" Kumbe mtoto machozi yanamchuruzika hadi masikioni na hajatoa hata mguno! Akaitoa skrubu, akasema waziwazi, "Nimeugusa mzizi. Kwa ninavyoona utapona wenyewe, lakini leo basi. Tukirudi nitapita njia nyingine."

Sasa wifi yangu kaja juu: "Huyo anajifunzia kwa mtoto wetu! Mpelekeni kwa mwenye mvi!" Mume wangu kamuunga mkono dada yake. Mimi moyo wangu uko kwa yuleyule, lakini jino likiharibika nitamtazamaje mwanangu? Jumatatu ndiyo siku yetu. Tafadhali nijibu mapema.

Mama Kimya

JIBU

Dada yangu, kikohozi kimekwisha, ahsante. Rudi kwa huyohuyo. Mvi hazishiki skrubu. Mtu aliyesikia kwa vidole kwamba pamebadilika, akasimama, akakutajia kosa ambalo wewe usingeliona maisha yako yote, unamwacha uende kwa nani? Mchukue na wifi, akaone kijiwaya kile kwa macho yake. Muulize daktari akuonyeshe picha ya mzizi ulioguswa na njia mpya ilipo. Asiyekuficha kosa hatakuficha picha.

Ila wewe nawe! Mwenzio katia ganzi kidogo makusudi, maumivu ya mtoto yamwongoze, wewe ukamziba mtoto mdomo. Umemzimia daktari taa, kisha unaomba dua asijikwae! Dua endelea nayo, lakini kimoyomoyo.

Leo hii mkalishe Kimya kitini hapo nyumbani, mdomo wazi, umfinye. Ainue mkono na apige kelele, tena kwa nguvu, mpaka azoee. Hajafunzwa hilo tangu azaliwe, kwa hiyo usichoke. Mwambie kwamba mama yake mwenyewe karuhusu: kwenye kiti kile, kupiga kelele ndiyo adabu.