Lugha Ambayo Wamalwa Aliweka kwa Nyumba Yangu

Huruma, Eldoret

Kwa Shemeji Rosebella,

Pokea salamu zangu. Mgongo wako unaendeleaje? Na ng'ombe? Sisi huku tuko. Mahindi ndiyo inaingia godown sasa, magunia hayaishi, na bega langu la kulia limeanza kulalamika. Binti yangu Nakhumicha ni mzima wa mwili. Hii barua analeta Ndungu, dereva wa lori. Nimeifunga na gundi. Ukipata imefunguliwa, niambie. Simu sikutaka, kwa sababu hapa ukuta ni mabati na Nakhumicha anasikia kila kitu.

Shemeji, huyo msichana atakupigia ama atakuja huko kukuuliza kitu kuhusu mama yenu. Kabla hujamjibu, soma hii yote.

Kuna kijana anaitwa Wamalwa. Anatengeneza kompyuta kwa kaduka fulani hapa Eldoret, mtaa wa West Indies. Kwao ni Bungoma, ukoo ni Batecho. Alianza kuja hapa na laptop, ati Nakhumicha ameitwa interview na kampuni inataka mtu anajua lugha fulani ya kompyuta. Mimi nikajua hiyo ni njia tu. Kijana hawezi kuketi kwangu Jumamosi nzima juu ya lugha. Tangu tumzike dada yako Selina, huyu msichana ndiye niko naye, na nikaona anataka kunichukulia. Nikatoa stuli nikakaa katikati yao. Nakhumicha akacheka, akasema nachunga hiyo laptop kuliko askari wa godown.

Kuiweka tu ilikuwa kazi. Wamalwa alisema lugha ziko mbili. Moja ya zamani, Prolog, ndiyo inaingia kwanza. Ya pili, Logtalk, inakaa juu yake. Yeye akaanza na ya juu. Ikakataa. Ati alisahau. Fundi gani anapiga mabati kabla ukuta haujasimama? Nilijua anavuta siku ndiyo arudi tena. Na kweli akarudi. Hiyo siku akafuata mpangilio, ikakubali.

Sasa nikaambiwa hii mashine haijui kitu mpaka uiambie. Unatengeneza kitu ndani yake, unakiita familia, unaweka hapo nani amezaa nani. Halafu unakitumia ujumbe, kama swali, na kinajibu. Nikauliza huo ujumbe unaenda kwa nani huko nje. Wamalwa akasema, Mzee, hauendi mahali, ni hapa hapa ndani. Nikamwambia azime bundles za intaneti tuone. Akazima. Ikajibu tu. Hapo ndiyo niliogopa zaidi. Kuna wakati Nakhumicha aliandika swali, ikanyamaza kabisa. Nikawaambia, mnaona, inatusikiliza. Kumbe alikuwa hajaweka nukta mwisho, na bila nukta inangoja tu.

Nikataka kuijaribu mwenyewe. Nikamwambia Nakhumicha aulize kama mimi ni baba yake. Ikasema hapana. Shemeji, nilisimama. Wakaniambia nikae chini, ati hiyo bado haijaandikwa, na kitu haijaambiwa yenyewe inahesabu si kweli. Nakhumicha akaandika Maurice amemzaa Nakhumicha, akauliza tena, ikasema ndiyo. Ni hivyo tu. Haiulizi umetoa wapi. Hiyo nikaiweka kwa kichwa.

Wamalwa alisema kila mtu anayejifunza huanza na familia. Lakini yeye hakuishia hapo. Akatengeneza kitu ingine, ukoo, akaipa sheria yetu: usioe ukoo wa baba yako, wala wa mama, wala wa nyanya zako wote wawili. Akajiandika yeye na watu wake. Akaandika Nakhumicha na watu wetu. Hapo nikaona mchezo wote. Ilibaki nafasi moja tu, na Wamalwa akaniuliza kwa heshima, Mzee, mama mzazi wa marehemu Selina, yaani nyanya yake Nakhumicha, alikuwa ametoka ukoo gani?

Nikasema Batecho.

Nakhumicha akaandika. Akaweka nukta. Akauliza kama hao wawili wanaweza kuoana. Ikasema hapana.

Nilingoja kijana abishe. Hakubisha. Alisema afadhali tumejua mapema, akanishukuru kwa chai, akaenda. Laptop aliiacha, ati Nakhumicha amalizie kujifunza kabla ya interview. Mimi nilidhani ataondoka nayo. Haijafunguliwa tena. Nakhumicha anapika, ananipakulia, anaketi kitandani na kuangalia ukuta. Jana akasema atakuuliza wewe, pengine mimi nimechanganya.

Sikuchanganya. Mama yenu alikuwa wa Baengele. Wewe unajua na mimi najua. Nilisema Batecho kwa sababu hiyo ndiyo ingemfungia mlango. Niliona hii chumba na mimi peke yangu ndani.

Nilipoanza kuandika nilitaka kukuomba useme Batecho pia. Nikiwa hapa katikati nikamkumbuka mama mkwe. Mpaka anakufa sikuwahi kumshika mkono, kwa heshima. Nikimwona njiani nilikuwa natoka, napitia kwa nyasi. Leo amelala, na mimi nimemtoa kwao nikampeleka kwa watu hawamjui. Siwezi kukuomba umkatae mama yako.

Kwa hivyo akikuuliza, mwambie Baengele. Akiuliza kwa nini baba alisema vile, mwambie yote, usinifiche. Mimi mdomo umekataa. Huyo Wamalwa bado sijamwamini. Mtu anaambiwa hapana mara moja na anakubali, huyo ni mtu wa aina gani? Lakini kwa ukoo hakuna neno.

Salimia watoto na majirani wote wanaonijua. Mungu akupe nguvu ya mgongo. Ukishamwambia, nibip tu, usiongee. Nitajua, na nitakaa kwa mlango nimngoje Nakhumicha.

Ni mimi shemeji yako,
Maurice Wesonga