Mahubiri Yanayopanda kwa Bibi Nakiete

Babu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nashindwa kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike, jambo moja lilininyima raha: Bibi Nakiete. Kila Jumapili baada ya ibada ulipanda mlima hadi kwake, kwa kuwa nyonga haimruhusu kushuka, ukamrudia mahubiri yote, hadi vichekesho vya mchungaji. Ulipoondoka, hakuna aliyepanda. Ilinipasa mimi. Niliona haya. Ningemwambia nini?

Sasa vijana wa usharika wana podikasti. Ungeipenda, Babu! Simu inawekwa karibu na mimbari, na jioni mahubiri yanasikika Dar, hata kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Mwalimu wa kwaya aliniomba nisome neno la siku mwanzoni. Nilirekodi stoo, katikati ya magunia ya mahindi, mara saba, nikikumbuka ulivyoniambia nilipokusomea: "Polepole, mama, hakuna anayekufukuza."

Kipindi cha kwanza tulisahau kuzima simu. Mnada wa sadaka nje ya kanisa ukaingia wote: jogoo anayeuzwa anapiga kelele, mama mmoja anadai, "Huyo ni mzee kuliko mchungaji!" Tuliona aibu. Kipindi cha pili tukaukata.

Mwishowe nilijikaza, nikapanda na simu, nikamsikilizisha Bibi vyote viwili. Sauti yangu iliposema "Shikamooni," aliiitikia simu: "Marahaba, mjukuu wa mwinjilisti." Nami nimekaa pembeni yake! Jogoo alimchekesha hadi akafuta machozi. Cha pili kilipoisha akanikazia macho: "Mmenipeleka kanisani, mkanirudisha kabla ya mnada?"

Mnada tumeurudisha.

Babu, ulifanya kazi hii kwa miguu yako, miaka yote ile, na hukuwahi kusema umechoka. Sasa ndiyo naelewa. Nilifika kwake nikihema.

Julai naenda kidato cha tano, bweni, ambako simu haziruhusiwi. Lakini masomo ya Biblia ya kila Jumapili yamo kwenye kalenda ya kanisa. Nitayarekodi yote ya muhula kabla sijaondoka, na nimeshamwonyesha Bibi mahali pa kubonyeza kwenye simu ya mwanawe. Likizo nitapanda mwenyewe. Nakuahidi, hatakaa tena Jumapili bila neno.

Pumzika sasa, Babu. Mlima huu niachie.

Mjukuu wako,
Namsifu