Nyama ya Kopo ya Mjerumani

Baba Ndeshi,

Nimekwenda shambani. Ndizi na maharage vimo chunguni. Moto nimeufukia majivuni, uchochee tu.

Asubuhi nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo. Niliamka alfajiri kupika, wewe ukasukuma bakuli, ukafungua nyama ya kopo uliyopewa na huyo Mjerumani wako mwenye shamba la kahawa, ukasema hicho ndicho chakula cha wastaarabu! Ndeshi akakuiga, sasa tumbo linamsokota. Mpe uji.

~~Usiguse chungu changu.~~ Kula, usije ukalala njaa.

Ila jua hili: kila Jumamosi mpishi wa huyo Mjerumani huja hapa kwangu kuchukua ndizi na maziwa ya bwana wake. Makopo amekupa wewe kwa sababu mwenyewe hayataki.

Mama Ndeshi