Mkuyu wa Chemchemi Tulioupanda Wawili

Mama Mwita,

Shikamoo haikufai. Nilikuzidi miaka miwili na hukuniamkia hata siku moja tangu tuolewe huku. Basi naanza hivi hivi.

Mimi sijambo. Sijalia bado. Siku tulipokuzika nilisugua masufuria ya kanisa mpaka dada yako akaniuliza kama nimelipwa. Tangu hapo naamka, nakamua, nalala. Chai haina ladha, lakini nimepunguza sukari, kwa hiyo huenda si wewe.

Miche yako kitaluni naimwagilia. Mikuyu ipo, migunga ipo, na ile ambayo hukujua jina lake kwa Kiswahili ukaiita "ya nyuki" nayo ipo.

Sasa nikwambie kilichotokea. Unajua kwetu mtu akipanda mti mahali, amepachukua. Ndiyo maana tulipotaka kupanda pale chemchemi kila nyumba ilikuwa inaichunga nyingine isiwahi. Ukasimama ukasema mmoja achimbe, wa pili ashike mche, wa tatu afukie, na watatu hao watoke koo tatu. "Anayetaka kudai, adai na wenzake." Watu wakacheka, wakapanda.

Lakini ule mkuyu wa kwanza, mkubwa, tuliupanda kabla ya sheria yako. Mikaratusi ilikuwa imeyanywa maji yote yamebaki matope, nasi hatukuwa na subira ya kungoja vikao. Nilichimba mimi. Ukashika wewe, ukafukia wewe. Tulikuwa wawili.

Mwanao Mwita amenunua waya wa uzio kule Nyamisangura. Anasema mkuyu ni wa mama yake, basi na chemchemi ni ya kwao, watu wakachote mtoni. Kikao kikaitwa pale pale kwenye maji. Nikaitwa shahidi, maana siku ile hakuna mwingine aliyetuona. Mwanangu naye akaninong'oneza, "Mama, sema shimo ulichimba wewe, tupate nusu." Tumezaa, mwenzangu.

Nilisimama. Wanawake walikuwa wamekalia ndoo zao, tupu, wananitazama. Nikasema tulikuwa watatu: mimi nilichimba, wewe Bhoke ukafukia, na aliyeshika mche ni Robi.

Ndiyo, Robi. Huyo huyo ambaye mbuzi wake walimaliza kitalu chako kizima mchana mmoja, na mkakaa miaka yote mnapeana migongo kanisani. Jina lilitoka lenyewe. Nilihitaji mtu wa ukoo wa tatu, na yeye ndiye aliyekuwa mbele ya macho yangu. Ningepata nafasi ya kufikiri ningechagua mtu aliyekupenda.

Mwita akamgeukia Robi, akauliza, "Mama, ni kweli?" Nikaona nimekwisha.

Robi akainuka taratibu kama mtu anayeinua gunia. Akafunga kanga upya. "Nilishika," akasema. "Nikawaambia umepinda, unyoosheni. Wakajifanya wanajua."

Na umepinda kweli, Mama Mwita. Watu wote wakageuka kuutazama. Mzee mmoja akasema, watatu ni watatu, hapa hapana mwenyewe. Kikao kikaisha. Wanawake wakateka maji. Mwita akaubeba waya wake begani, na mpaka leo haniamkii.

Njiani nilimfuata Robi nyuma. Tukafika njia panda. Hapo akasema, "Huyo mwenzako alikuwa mkaidi sana," akageuza uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Alilia yeye. Mimi nilimshikia ndoo.

Nisamehe kwa kukuchanganya naye. Kuanzia sasa watu wakisimulia mkuyu ule, mtakuwa pamoja, na huna namna ya kukataa.

Jumamosi tunapanda miche yako iliyobaki, kule juu ya maji. Nimemtumia Mwita ujumbe kwamba shimo la kwanza ni lake. Hajajibu. Akija nitampa jembe na sitamwambia lolote. Asipokuja, mche wake nitauweka kivulini mpaka aje.

Pumzika huko, Bhoke. Watakaoniuliza nitawaambia tulikuwa watatu, na wajukuu nitawafundisha hivyo hivyo. Ukweli tutauzungumza mimi na wewe, tukionana.

Mwenzako,
Mama Ghati