Baba Amekataa Kushuka Garini

Katesh,
9 Februari 2025

Mwanangu Restituta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima, na walimu wenzako hapo Endagikot wote ni wazima. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo unayajua. Usinipigie simu tena. Naona taa inawaka, nikiiweka sikioni nasikia upepo tu. Barua hii anakuletea Yonas, kondakta wa basi, naye atapokea jibu.

Umemuuliza shangazi yako, ninayekaa kwake, mchana huwa niko wapi. Ungeniuliza mimi. Niko kwa Benedikta, mwenye chumba cha gemu karibu na stendi. Naendesha magari. Ndiyo, kwenye televisheni. Nimeendesha lori la vitunguu saumu miaka thelathini na minne, na tangu mwaka juzi ulipokwenda kumwambia tajiri yangu Nikolausi kwamba sisikii, akachukua ufunguo wake, sijashika usukani.

Mle ndani hakuna anayeuliza habari za masikio. Gemu inakuanzisha na kigari kidogo kama cha katekista. Ukishinda, linafunguka lenye nguvu zaidi. Mwisho kabisa yako magari matatu ya mbio, yenye kasi kuliko yote, yamelala chini karibu yaguse lami. Hapa Katesh hakuna aliyeyafungua. Nitayafungua mimi.

Baba yako,
Maximilian

Endagikot,
23 Februari 2025

Baba,

Milele amina. Shikamoo. Huku hatujambo, mvua imenyesha vizuri na mahindi yamesimama.

Baba, habari za gemu nilizisikia kabla ya barua yako. Katekista Hilary aliniuliza baada ya misa, watu wakiwa wamesimama: “Mwalimu, ni kweli mzee anashinda na vijana kwenye televisheni?” Nilikosa pa kuangalia. Una miaka sitini na mitatu. Umekuwa mwenyekiti wa jumuiya. Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi, na wazazi wa wanafunzi wangu wananicheka.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Rudi nyumbani upumzike. Nakuomba kwa heshima.

Binti yako,
Restituta

Katesh,
6 Aprili 2025

Mwanangu Restituta,

Marahaba. Afya yangu nzuri, na shangazi yako anakusalimu.

Umeandika nirudi nipumzike. Nimepumzika hapa mwaka mzima, kwenye kiti cha kamba, nikiuangalia mlima Hanang ukivaa mawingu na kuyavua. Nimechoka kupumzika. Na Hilary mwambie hivi: katekisimu naijua yote, haina neno lolote kuhusu magari ya mbio.

Mawili nimeshayafungua. La kwanza lilinitia aibu. Nilikanyaga mafuta kama napandisha magunia mlimani, gari likazunguka likatazama nilikotoka. Vijana walicheka. Niliona mabega yao yakitikisika. Ikawa hivyo siku tisa. Wao wanafuata mlio: injini ikilia juu, wanabadilisha gia. Mimi nilifuata mshale wa injini ulio pembeni ya televisheni, na ukiangalia mshale kona huioni.

Siku ya kumi nikagundua jambo. Kile kifaa tunachoshika, wanakiita pedi, kinatetemeka. Tairi ikitaka kuteleza, kinatetemeka upande mmoja, kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe akifukuza nzi. Lori nalo lilikuwa linaniambia hivyohivyo, kupitia kwenye kiti. Basi nikauacha mshale. Breki nashika mapema, gari likiwa limenyooka. Kona naikata bila pupa. Mafuta nayarudisha taratibu, kama mtu anayemimina uji wa moto. Gari likatulia.

Sasa wale vijana wananiuliza mimi. Wananiandikia kwenye daftari, nami nawajibu kwa mdomo.

Limebaki moja. Sirudi.

Baba yako,
Maximilian

Katesh,
3 Juni 2025

Restituta,

Barua yangu ya Aprili hukuijibu. Ulimwandikia Benedikta.

Amenionyesha ujumbe wako kwenye simu. “Tafadhali usimruhusu baba yangu kuingia hapo, ni mzee na anadhalilika.” Nimeusoma wote. Benedikta akaandika kwenye lile daftari: Mzee, mwanao ni mwalimu, mimi naogopa matatizo.

Sikubishana naye. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake siku nne, tangu anapofungua mpaka anapofunga. Siku ya tano akatoka, akanishika mkono, akaniingiza ndani. Wiki hiyohiyo nikalifungua gari la tatu.

Hii ni mara ya pili unakwenda kwa mtu mwingine kunisema. Mara ya kwanza ulichukua lori. Safari hii umetaka hata hili lisilo na matairi. Mimi si mtoto wa darasa lako.

Maximilian

Endagikot,
29 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini utaipokea barua hii.

Kwa Benedikta nilikosa. Niliona aibu yangu nikaiita aibu yako. Nimemwandikia kumwomba radhi, na wewe nakuomba unisamehe.

Kwa Nikolausi siombi msamaha, baba. Nitakuambia sababu, maana sijawahi kukuambia.

Siku ile uliyokuja kupakia vitunguu hapa uani, ulikuwa unarudisha lori nyuma kuelekea stoo. Mama Lucia, jirani yetu, alikuwa ameinama nyuma ya lori anafunga mzigo wake wa majani. Nilipiga kelele. Nilipiga bodi la lori kwa mikono yote miwili mpaka kiganja kikachanika. Hukusikia. Ulisimama kwa sababu ulikuwa umefika pale ulipozoea kusimama, basi. Kati ya lori na mgongo wake palibaki nafasi ya mkono mmoja. Ukashuka, ukaniuliza, “Chai ipo?”

Mama Lucia alinivuta pembeni akasema, “Usimwambie mzee, hatajisamehe.” Nikanyamaza kwako. Jumatatu nikaenda kwa Nikolausi. Hata leo nikilala naliona lile lori likirudi nyuma.

Unikasirikie kadiri unavyotaka. Mama Lucia yuko hai.

Binti yako,
Restituta

Katesh,
17 Agosti 2025

Mwanangu Restituta,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kalamu ilinikataa.

Siku kumi na mbili sikwenda kwenye gemu. Kisha nikapanda basi la Yonas nikaja Endagikot, wewe ukiwa darasani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Lucia. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Alisema maneno mengi ambayo sikuyapata. Alipoona hivyo akaacha kusema, akaniwekea maziwa, tukakaa. Kwako sikupita. Nilikuwa bado nina hasira.

Sina hasira ya lori tena. Pale ulifanya sawa. Hasira yangu ni kwamba wewe ulijua, Mama Lucia alijua, Nikolausi alijua, na mimi mwenye mikono yangu sikujua. Mmeniacha karibu miaka miwili nikijisifu kwa watu kwamba sijawahi kumkosakosa hata kuku. Masikio yamekufa, Restituta. Akili haijafa. Ungeniandikia hata kwenye kipande cha boksi, ningeurudisha ule ufunguo mwenyewe.

Lakini kurudi kukaa kwenye kile chumba cha chokaa, hapana. Jumatatu nilirudi kwa Benedikta, nikachukua gari la tatu. Hili ni kali kuliko wenzake, ukipumua vibaya linaondoka. Nikaliweka kwenye mvua, mizunguko kumi, na sikugusa ukuta hata mara moja. Vijana walisimama. Jina langu sasa liko juu ya yote kwenye mashine ile. Naliendesha nikijua hakuna mtu aliyeinama nyuma yake.

Njoo Jumamosi yoyote. Pedi ya pili ipo. Sitakupisha.

Baba yako,
Maximilian

Endagikot,
8 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama jana na basi la Yonas. Vidole gumba bado vinaniuma.

Nimehesabu: umenishinda mara kumi na moja, na mara mbili kati ya hizo ulikuwa umeshamaliza unakunywa soda. Sikujua kwamba unaweza kucheka namna ile. Benedikta ameniambia wewe husikii kicheko chako, ndiyo maana ni kikubwa. Hilary akiniuliza tena nitamjibu mbele za watu kwamba baba yangu ndiye anayeongoza Katesh nzima. Mwezi ujao nakuja tena, na nimeanza kuelewa zile breki.

Pale kwenye benchi uliniangalia mdomo ukaniuliza, kama siku zile zingerudi, ningekwenda tena kwa Nikolausi? Sikukujibu, watu walikuwa wengi. Jibu langu ni ndiyo, baba. Ningekwenda.

Ila ningepitia kwako kwanza.

Binti yako,
Restituta