Alichosema Yule Mama wa Angani

Jumapili, Kitale. Tangu asubuhi mawingu yamekaa tu juu ya mashamba ya mahindi, hayanyeshi wala hayaondoki, na mimi niko hivyo hivyo. Nimefua nguo ambazo hazitakauka. Alhamisi napanda ndege kwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi kwa miaka miwili, na jana niliaibika mbele ya ukumbi mzima wa kanisa.

Wacha nianze na uongo wangu, maana ndio chanzo.

Mwezi jana nilimwambia mama kwamba kliniki ninayofanyia kazi hapa Kitale inafungwa, kwa hivyo sina budi kwenda ng'ambo. Akanihurumia. Akakubali kukaa na Neema, binti yangu wa miaka minane, huko kwake Mabanga, Bungoma. Neema naye nikamwambia vivyo hivyo. Kliniki haifungwi. Ina wagonjwa mpaka kwenye veranda. Hiyo kazi ya Uingereza niliiomba mwenyewe, tena mara mbili, kwa sababu niliitaka.

Kusema "nilitaka" ndiko kulikonishinda.

Jana akina mama wa kanisa la mama, kule Bungoma, walikuwa na siku yao ya sinema. Binamu yangu Barasa alileta projekta, madirisha yakazibwa kwa blanketi saa nane mchana, na mimi nikapewa maiki nitafsiri, ati kwa sababu ndiye ninayeelewa Kizungu cha haraka. Sikuwa nimeiona hiyo filamu. Barasa alisema tu ni ya familia na inaliza watu. Kumbe ni ya mwanaanga, mwanamke, anayemwacha binti yake kwa nyanya aende sayari ya mbali kwa miaka sita. Nilipoelewa hivyo, maiki nusura initoke mkononi. Neema alikuwa pale mbele, amekaa mapajani mwa kukhu, ndivyo anavyomwita mama yangu, nyanya yake.

Kwanza niliharibu mambo kwa neno moja. Wale wasafiri wanaingizwa kwenye masanduku marefu yenye kioo usoni, wasizeeke wala kula njiani. Nikatangaza, "Sasa wote wamelala." Kwetu, kanisani, ukisema mtu amelala, watu wanauliza matanga ni wapi. Na yale masanduku yalikuwa pale ukutani kila mtu anayaona, na vioo vyake kama vya majeneza. Mama Wekesa, mwenyekiti wa chama, akauliza kwa uchungu, "Woi, wamerara wote?" Mtu huko nyuma akaanzisha wimbo wa mazishi na wengine wakaupokea. Ilibidi Barasa asimamishe filamu nieleze kwamba ni usingizi tu, wataamka.

Tulicheka, lakini kuanzia hapo yule mama hakupata huruma. Ameona sanduku na bado akaingia? Na mtoto je? Kila mmoja alikuwa na lake. Ati hana moyo. Ati anatafuta jina. Ati mtoto wa kike halelewi kwa video. Mimi hapo na maiki, nasikia kesi yangu ikiamuliwa na watu wasiojua kwamba mshtakiwa ndiye anawatafsiria.

Basi nikaanza kumsaidia. Aliposema amechoka, nikasema anamlilia mtoto. Alipoiona ile sayari akacheka kwa furaha, nikasema anamwomba Mungu amrudishe nyumbani. Kidogo kidogo ukumbi ukalainika. Nikajiambia nimeweza, bana.

Halafu binti yake akatuma ujumbe. Amekua, ni msichana mkubwa sasa. Anamuuliza mama yake kama alilazimishwa kwenda. Yule mama anaitazama kamera muda mrefu, kisha anajibu kwa Kizungu rahisi sana: hakuna aliyenilazimisha, nilitaka kuja.

Nikasema kwenye maiki, "Ndiyo mwanangu, serikali ilinilazimisha."

Wakasikitika wote, pole mama, pole. Watu wakaanza kufuta machozi kwa leso. Lakini mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka akastaafu, na hajawahi kuacha kosa lipite. Aligeuka kwenye kiti, Neema bado mapajani, akasema bila kupandisha sauti, "Nasimiyu, hakusema hivyo. Sema vile amesema."

Barasa, akidhani maiki ina shida, akasimamisha picha. Uso wa yule mama ukabaki ukutani, mkubwa, unaningoja. Kweli ningeweza kusingizia maiki. Nikaiinua tena. Nikasema polepole, "Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kuja."

Hakuna aliyesema pole. Mama Wekesa alisonya. Wengine walitaka filamu izimwe, wengine wakasema si tumalizie tuone kama atarudi, wakabishana hapo mpaka Barasa akaiwasha tu. Yule mama alirudi. Binti yake alimfungulia mlango nusu, akasimama hapo bila kumkaribisha, na hata waliokuwa wakisonya walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa namwangalia mama yangu kisogo.

Baadaye tulikuwa tunaosha vikombe vya chai, sisi wawili. Hakuitaja filamu. Aliuliza tu kama hiyo kliniki inafungwa kweli. Nikasema haifungwi. Alipangusa kikombe kimoja muda mrefu sana, na mimi nikangoja aseme basi hatakaa na Neema, maana hiyo ndiyo hofu iliyonifanya nidanganye mwezi mzima. Asipomchukua yeye, siendi popote.

"Nitakaa naye," akasema. "Lakini mimi sitakutafsiria kwake. Umwambie mwenyewe kabla hujamleta."

Kwa hivyo leo, tulipotoka kanisani, nimemwambia. Tulikuwa tunachambua sukuma. Nimemwambia kliniki haifungwi na hakuna aliyenilazimisha, kwamba nataka kwenda kufanya kazi kwenye hospitali kubwa na kujifunza, na kwamba nitarudi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi. Hakulia. Aliuliza kama naweza kukosa kwenda. Nikasema naweza. Akauliza kama bado nitaenda. Nikasema nitaenda.

Akaweka sukuma chini akatoka kukaa kwenye ngazi, amenipa mgongo. Alikaa huko mpaka saa kumi. Nilimpelekea sweta, akaivaa bila kuniangalia. Nilidhani nikisema ukweli nitakuwa mwepesi, na wapi. Ule uongo ungekuwa umeniletea kumbatio saa hii, na nakiri kwamba nililitamani.

Sasa hivi ndio amerudi ndani. Amesimama mlangoni, amekunja mikono.

"Alhamisi sitakusindikiza," amesema. "Hakuna aliyenikataza. Sitaki tu."

Nimemwambia sawa, nimesikia. Nimeingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia mpaka nikatosheka.

Nitaenda uwanja wa ndege peke yangu.